Uzi Unaolalia Kushoto

Nyabusozi, Biharamulo
4 Februari 2024

Shangazi yangu Speciose,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mlangoni na miwani puani, si kitandani. Huku kwetu tunapumua. Baba amepona kile kikohozi chake, ila sasa anakitumia kukwepa kazi. Akiliona jembe tu, anaanza kukohoa. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe shingoni, na baba amempa jina lako, eti kwa sababu anampiga teke kila anayemgusa. Mvua haijatutupa, mahindi yamefika kiunoni.

Ninaandika kwa sababu simu yako siku zote iko dukani kwenye chaji, na nikikupata hewani unapiga kelele "Eeh? Eeh?" mpaka salio linakata. Tena hili ni jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine kabla yangu.

Ninaolewa, Shangazi. Ni Matiasi, yule mwalimu wa shule ya msingi niliyekutajia Krismasi. Wazee wake walikuja mwezi uliopita na pombe yao ya ndizi. Baba akawazungusha, akakohoa, akawazungusha tena, halafu akakubali. Harusi ni Jumamosi tarehe 24 Agosti, hapa parokiani kwetu.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kadi. Kadi za mchango Matiasi alizichapisha mjini, zina maua ambayo sijayaona yakiota popote Kagera nzima. Lakini kadi za mwaliko ninazitaka za mkono, kama zile ulizomtengenezea dada Consolatha. Mimi nilikuwa bwenini, kidato cha pili, naye akanitumia moja. Ninayo mpaka leo: kikapu cha gome la mgomba, mfuniko wake wenye ncha, na ukingo wote umezungushiwa uzi mwekundu. Sijawahi kukuambia, lakini ule ukingo ndio ulionifanya nikawa fundi cherehani.

La pili ni kubwa zaidi. Wewe ndiye dada wa baba wa tumbo moja, na kwetu masenge, yaani shangazi wa upande wa baba, ndiye anayemshika bibi harusi mkono, akamtoa nyumbani kwa baba yake na kumfikisha anakokwenda. Nataka mkono wako. Nimekwisha kuwaambia watu kwamba unakuja, kwa hiyo usiniaibishe.

Barua hii inaletwa na Irambona, dereva wa ile Noah ya Ngara. Mpe majibu akirudi.

Mwanao,
Odeta


Lukole, Ngara
3 Machi 2024

Odeta mwanangu,

Marahaba, na uongezewe nyingine za kuweka akiba. Barua yako ilikaa kwenye gari la Irambona majuma mawili, chini ya kiti, pamoja na gunia la vitunguu. Imenifikia inanuka mchuzi. Huku ni wazima. Maharage yanatoa maua. Jirani yangu Francisca anakusalimu. Binti yake ni mjamzito, na bibi mtarajiwa ameanza kutembea kama yeye ndiye mwenye mimba. Mwambie baba yako habari ya ndama nimeisikia, na teke lake nitampelekea kwa Irambona.

Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Nimesoma jina la huyo Matiasi mara nyingi ili nilizoee. Mungu awaweke.

Kadi nitakufanyia. Ila peke yangu sitaziweza zote, na wewe mikono unayo, kwa hiyo tugawane. Wewe tengeneza karatasi na picha, kisha niletee mimi nimalizie ukingo.

Karatasi ni hivi. Mwombe mwalimu wako mitihani ya zamani ya watoto. Ichaneni vipande, mloweke siku mbili, halafu mtwange kwenye kinu. Kisiwe kinu cha kisamvu, baba yako asije akala hesabu za darasa la nne. Uji ule uchote kwa chandarua kikuukuu kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, uchuje, uanike kivulini. Ukianika juani karatasi inajikunja kama sikio la mbwa. Ukitaka rangi, nyunyizia majani ya chai yaliyokwisha kupikwa.

Magome ya mgomba chukua yale yaliyokaukia kwenye shina lililosimama. Yaliyoanguka chini yameshaoza hata kama yanang'aa. Utapata rangi tatu: nyeusi, kahawia, na ile ya maziwa. Tumbo la kikapu liwe jeusi, mfuniko uwe wa maziwa, mistari ya kahawia. Kata kwa wembe mpya. Kadi za wakwe zikate kwa ndani na kuzikunja, ili ukifungua kikapu kisimame chenyewe. Wakwe wanapenda kushtuliwa. Za watoto zipige muhuri wa kiazi uliochovywa kwenye udongo mwekundu. Gundi pika ya unga wa muhogo, nyembamba, usiache madonge.

Haya yote nilifundishwa na wanawake wakimbizi wa kambini, wakati kambi bado ipo hapa Lukole. Walikuwa wanakata kadi kwenye maboksi ya mafuta ya msaada. Ukiipokea moja ungedhani imetoka kwa mtu mwenye nyumba na bustani.

Nimekuwekea kadi ya Pasaka, mapema kidogo. Maua niliyakausha ndani ya kitabu cha nyimbo. Ukingo nimeushona leo baada ya misa.

Msalimie baba. Irambona anapiga honi.

Shangazi yako,
Speciose


Nyabusozi
24 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba ni mzima. Ndama Speciose amempiga teke mganga wa mifugo, kwa hiyo jina limekubalika kabisa. Kadi ya Pasaka nimeitundika juu ya cherehani, na wateja wangu wananiuliza ninaziuza wapi.

Sasa sikia maajabu. Karatasi zilitoka vizuri, ingawa ukiangalia kwa makini bado utaona "andika kinyume cha" kwenye kona. Matiasi anasema ni baraka kwa elimu. Gundi nilipika kama ulivyosema. Nikabandika vikapu mkupuo mmoja, nikavianika uani, nikaingia ndani kupima gauni la mtu. Nilipotoka kuku walikuwa wanamalizia vikapu vya mwisho. Unga wa muhogo, Shangazi! Hukuniambia kuhusu kuku.

Mkupuo wa pili nikatia pilipili kwenye gundi. Kuku walikoma. Lakini Matiasi alipoinusa kadi moja kwa mapenzi yake, alipiga chafya hadi akatoka nje. Tumekubaliana wageni wasinuse.

Mwenye mkono mzuri kumbe ni baba. Anakata mifuniko kwa wembe, midogo, sawasawa, na akiwa na wembe hakohoi. Mabaki yangu ya kitenge nimeyakata maua, nikayabandika kwenye kadi za wasimamizi. Kifurushi cha kwanza ndicho hiki, usikikalie.

Halafu kuna kitu. Nilikuomba mambo mawili ukajibu moja. Nimeigeuza barua yako nyuma na mbele, nikafikiri labda ukurasa ulibaki kwenye vitunguu. Utanipeleka, sivyo? Niandikie neno moja tu, niache kuhangaika.

Mwanao,
Odeta


Lukole
5 Mei 2024

Odeta mwanangu,

Marahaba. Pole na kuku. Mimi nilidhani fundi anajua kwamba kuku hula unga. Francisca alipoisikia habari ya chafya alicheka mpaka akashika ukuta. Mjukuu wake amezaliwa, wa kiume, mkubwa, analia kama anadai shamba. Maharage ninaanza kuyavuna wiki ijayo kama mvua itaniachia nafasi.

Kazi yenu ni nzuri. Mwambie Leonidas nimeiona mifuniko, sikujua kwamba kaka yangu ana vidole. Kadi za kifurushi cha kwanza zimekamilika na ukingo wake, nyekundu kama ulivyotaka. Leta zilizobaki.

Kuhusu lile la pili. Goti langu la kulia limevimba tangu Pasaka, na kukaa garini kutoka huku mpaka kwenu ni mateso. Halafu mbuzi wangu anatarajia kuzaa Agosti, na mbuzi wa mzao wa kwanza haachwi peke yake. Nimefikiri sana, nikamkumbuka Zita wa Rusumo, binti wa baba yetu mdogo. Naye ni shangazi yako. Mume wake ni mzima, ni wakala wa forodha pale mpakani, wana watoto sita na wote wako hai. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kumshika bibi harusi mkono. Nitamtumia ujumbe mimi mwenyewe.

Usikasirike. Ukiwa na furaha huko, mimi huku nitakuwa na furaha hiyo hiyo.

Shangazi yako,
Speciose


Nyabusozi
19 Mei 2024

Shangazi Speciose,

Shikamoo. Wote ni wazima. Hongera kwa mjukuu wa Francisca, na pole na goti.

Nimezipokea kadi. Watu wote waliozishika wamezisifu, na mimi nilizisifu pia, mchana mzima. Jioni nikazipanga mezani chini ya kadi ya Pasaka, nikaona kitu ambacho mtu asiye fundi hawezi kukiona.

Shangazi, wewe ni mtu wa kushoto. Babu alikuchapa ule kwa kulia, ukala kwa kulia, lakini sindano alishindwa kuihamisha. Mtu wa kulia anaanzia kulia akienda kushoto, wewe unaanzia kushoto ukienda kulia. Kwa hiyo uzi wako ukiruka ukingo hulalia kushoto. Kadi ya dada Consolatha uzi unalalia kushoto. Kadi ya Pasaka unalalia kushoto. Hizi za harusi yangu zote, bila hata moja kubaki, uzi unalalia kulia.

Hukuzishona wewe.

Siulizi kwa ubaya. Kama Francisca amekusaidia, Mungu ambariki, mshono wake ni mzuri sana. Ninachotaka kujua ni mkono wako umekuwaje. Umeanguka? Umepata kiharusi unanificha? Mwezi wa tatu ulinishonea Pasaka bila shida. Nimeogopa. Nilimwambia Matiasi twende Jumamosi tukakuone, lakini ana mitihani. Niambie ukweli, nitabeba. Kadi zilizobaki anazo Irambona.

Na Zita simtaki. Ni mtu mwema, lakini nimemwona mara mbili maishani mwangu, na zote mbili aliniita Suzan.

Odeta


Lukole
16 Juni 2024

Odeta,

Marahaba. Mkono wangu ni mzima, sijaanguka, sina kiharusi. Kifurushi cha mwisho kimekamilika, hiki hapa. Kadi ni za kusomwa, si za kuhesabiwa nyuzi. Zita amekubali, anauliza rangi ya sare.

Maharage yametoka vizuri.

Speciose


Nyabusozi
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Leo sina habari za ndama. Nilimpelekea baba barua yako shambani. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akakaa kwenye tuta. Nikamwuliza, "Baba, Shangazi ana nini?" Hakukohoa hata mara moja. Alisema, "Si mkono, mwanangu. Ni maneno." Akanieleza yote.

Mimi nilifika siku moja baada ya kumzika dada Consolatha, nikakuta umeshaondoka. Niliambiwa unaumwa. Miaka yote hii nikajua uliumwa. Kumbe wanawake walisimama pale pale msibani wakasema kwamba wewe mjane usiye na mtoto ndiye uliyemshonea kadi zake, na ndiye uliyemtoa mlangoni kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana hakumaliza mwaka, akafa na mtoto wake akijifungua. Nawe ulikuwa umekaa nyuma yao na sufuria mapajani.

Baba alisikia. Amesema alinyamaza kwa sababu na yeye siku ile alikuwa anatafuta wa kumlaumu. Aliponiambia hivyo alilia, Shangazi. Sijawahi kumwona baba akilia, hata msibani.

Nimekasirika. Nimewakasirikia wao, nimemkasirikia baba, na wewe pia nimekukasirikia, kwa sababu umeyaamini. Dada alivuja damu. Gari lilikwama kwenye tope, na walipofika damu ilikuwa imekwisha. Mimi nimezungumza na mkunga aliyekuwa naye. Hakunitajia uzi.

Nimezifumua kadi zote. Usinipigie kelele, nimezifumua taratibu, karatasi haijachanika. Ninakurudishia na uzi wake na sindano. Francisca simdharau, lakini sikumwomba Francisca. Ama mkono wako, ama nitatoka mlangoni peke yangu, watu waulize shangazi wa huyu yuko wapi, na nitawajibu kwa sauti.

Odeta


Lukole
14 Julai 2024

Odeta, mwana wanje, mwanangu,

Marahaba. Kila siku najaribu kuandika, ninaishia kwenye marahaba.

Una ulimi wa bibi yako. Nilipofungua boksi nikaona kadi zimefumuliwa, nilitaka nikuchape. Baadaye nikazipanga kitandani, nikalala kwenye mkeka nisije nikazikunja.

Sasa nikuambie mimi, si baba yako. Consolatha nilimlea akiwa mdogo, wakati marehemu mama yenu anaumwa. Nilipomshonea kadi nilikuwa ninaimba. Siku ya harusi mkono wangu wa kulia ulibeba kikapu, kwa hiyo nikamshika kwa huu mwingine, naye akaufinya kwa sababu alikuwa anaogopa. Ninaukumbuka ule mfinyo. Msibani niliyasikia yale maneno, na kitu kilichoniumiza si kwamba waliyasema. Ni kwamba na mimi nilikuwa nimeshajiuliza hivyo kabla yao, njiani, nikiwa naenda kumzika.

Tangu hapo najizuia. Maji ya wageni nayapeleka kwa kulia. Mtoto mchanga simpokei. Mjukuu wa Francisca yuko hapo ng'ambo ya ua, nasikia akilia, na sijambeba hata siku moja. Nasema nina mafua. Francisca anajua, na hajaniuliza. Ndiye niliyemwomba ashone, nikakaa kando yake nikimwelekeza, vuta, legeza, hivyo hivyo.

Unasema nimeyaamini. Sijui kama nimeyaamini. Najua kwamba sitaki kuyajaribu juu yako. Sema ni mkono tu, hauna kitu. Halafu je, kama una kitu? Nani atakuwa amepata hasara, mimi au wewe? Kama ningekupenda kidogo, ningekuja. Ningevaa hiyo sare, nikala wali, nikarudi nyumbani nimeshiba.

Kadi ninakurudishia kama zilivyokuja, sijashona. Nilichukua sindano, nikaipitisha uzi, nikaichomeka kwenye mto. Nisamehe. Mchukue Zita. Mwambie jina lako mapema.

Shangazi yako anayekupenda,
Speciose


Nyabusozi
28 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba ni mzima, ndama ni mzima, Matiasi ana vidole vilivyojaa matundu, nitakueleza sababu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nyuma ya nyumba. Nimelia, nimenawa uso. Sikuandikii kukubishia. Umeuliza swali, kama mkono una kitu nani atapata hasara. Dada hayupo wa kumwuliza, wala sitajifanya najua mambo ya Mungu.

Lakini mimi ni fundi, kwa hiyo nikakaa kwenye cherehani nikafikiri kama fundi. Nikachukua sindano kwa mkono wa kushoto.

Usicheke. Siku ya kwanza nilijichoma zaidi ya nilivyoshona. Mkono ule haujui chochote, ni kama kumtuma mlevi dukani. Siku ya pili ukaanza kusikia. Nikaanzia kushoto kwenda kulia, kama wewe, nikiangalia kadi ya Pasaka. Baba akaja akasimama mlangoni, akauliza ninafanya nini. Nilipomweleza akavuta kigoda, akasema, "Nipe sindano." Yeye ni wa kulia kama mimi, tena ana macho ya mzee, lakini alishona, Shangazi. Alishona kwa kushoto siku nne mfululizo, na shamba likamsubiri. Jioni Matiasi akitoka shule naye anashika sindano. Yeye ndiye mbaya kuliko wote. Kadi zake zinaonekana kama zimeshonwa na mtu anayekimbizwa.

Zimekwisha zote. Juzi tumezigawa. Paroko anayo, wakwe wanayo, mwalimu mkuu anayo, hata wale wanawake wawili waliosema yale maneno msibani tumewapelekea zao, baba mwenyewe aliwapelekea mlangoni na kuwaonyesha uzi unavyolala. Aliwaambia ni mshono wa nyumba yetu. Mmoja alitazama chini, mwingine akasema ni kadi nzuri.

Kwa hiyo sikiliza hesabu yangu. Mkono wa kushoto umeshapita kwenye kadi zangu zote. Umepita wa kwangu, wa baba, na wa mume wangu mtarajiwa. Kama kushoto kuna kitu, mimi nimeshakivaa, tena kwa kupenda kwangu. Ukija huongezi chochote. Usipokuja hupunguzi chochote. Kilichobaki ni kwamba ukija nitakuwa na shangazi, na usipokuja sitakuwa naye.

Kadi moja sikuimaliza. Ni yako. Nimeishona nusu, nimeacha sindano ndani yake. Nusu iliyobaki si yangu. Ndani baba ameandika kwa mkono wake, na sikusoma kwa sababu aliniambia nisisome.

Zita nimemshukuru. Amesema atakuja kama mgeni, na aliniita Odeta.

Mwanao,
Odeta


Lukole
11 Agosti 2024

Odeta mwanangu,

Marahaba, wewe na baba yako na ndama wangu na huyo mwalimu mwenye matundu.

Kadi ilifika, safari hii haikupita kwenye vitunguu. Maneno ya baba yako alinisomea Francisca, kwa kuwa miwani yangu ilikuwa imelowa. Hata wewe sitakuambia aliandika nini. Ni ya kwetu wawili, tangu utotoni tulikuwa tunadaiana maneno hayo. Mwambie tu nimeyapokea.

Mshono wako wa kushoto ni wa aibu. Kuna mahali umeruka, na kuna mahali umevuta mpaka karatasi imelia. Nilitaka kuufumua kama ulivyofumua wa Francisca. Sikuufumua. Niliitoa sindano ulipokuwa umeichomeka, nikakaa mlangoni kwenye mwanga, nikamaliza upande wangu. Sikuimba, lakini nilikaribia.

Nilipokuwa nakata uzi, Francisca akapita na mjukuu wake mgongoni. Alimfungua, akanipa, akaingia zake jikoni kwangu kama mtu aliyesahau chumvi. Nilimpokea kwa mikono yote miwili. Ni mzito sana, halafu anavuta miwani.

Mbuzi atazaa akipenda, Francisca atakuwepo. Mwambie Irambona Alhamisi tarehe 22 aniwekee kiti cha mbele ninyooshe mguu. Goti linauma kweli, hilo sikukudanganya. Na mwambie Matiasi asithubutu kunusa kadi ya mtu yeyote siku ya harusi.

Kadi yangu sikutumii, naileta mwenyewe. Nasikia mlangoni mtakuwa mnawauliza watu kadi zao, na mimi sitaki kurudishwa.

Shangazi yako,
Speciose